Nguzo Mbichi za Hafod

Katika bonde letu la Wales, ukitaka nguzo za uzio ulikwenda kwa Idwal, basi. Nyuma ya ghala lake alikuwa na tangi refu la chuma lililojaa mafuta meusi ya lami ya kuzuia mti usioze, na chini yake akikoka moto. Misonobari aliikata majira ya baridi, akaimenya magome, akaipanga chini ya bati kiangazi kizima. Kisha aligonganisha nguzo mbili. Zikilia kwa sauti kali, zimekauka, zinaingia kwenye mafuta. Zikitoa mlio mzito, zinarudi chini ya bati, hata kama umekuja na trekta lako. "Hazijaiva," angekwambia, nawe ukarudi mikono mitupu. Watu walimnung'unikia usoni na kumsifu kisogoni. Na wahenga hawakukosea: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwaka wa kisa hiki mvua haikukatika tangu Mei. Beti, mjane wa shamba la Hafod, alitaka uzio mpya kabla ya madume ya kondoo kufunguliwa kupanda majike wakati wa vuli. Kondoo wake walikuwa wa uso mweupe, ukoo mmoja tangu enzi za nyanya ya mumewe, na jirani yake alifuga dume wa uso wa madoadoa. Siku moja nje ya kanisa akamwambia Idwal, "Wewe hujawahi kuniangusha." Neno hilo ndilo lililomponza.

Idwal alizigonganisha nguzo za Beti. Du! Mlio mzito. Akajua. Akazitumbukiza hivyo hivyo. Maji ya ndani ya mti yakachemka, povu likafura mpaka ukingoni, naye akawa analikomba kwa koleo huku akitazama nyuma kama mwizi wa kuku. Zikatoka nyeusi, zinang'aa, nzuri ajabu. Lakini mafuta yalikuwa yamelamba ngozi tu. Ndani hayakuingia.

Aliyezisimamisha kwa nyundo alikuwa Meurig, shemeji yake Beti, mtu mpole, mzito wa maneno.

Vuli ya nne nguzo zikaanza kukatika usawa wa ardhi, moja baada ya nyingine. Dume wa jirani akaingia, akastarehe wiki nzima. Kondoo walipozaa, karibu nusu ya watoto walikuwa na madoadoa usoni. Jamani, aibu gani hiyo kwa Hafod! Watu walisimamisha magari barabarani wakatazama. Na lawama yote akabebeshwa Meurig, ati hakuzisimamisha vizuri. Nani angethubutu kumshuku Idwal? Idwal mwenyewe kila siku alijiambia atasema kesho. Mbaya zaidi, kuna siku walimcheka Meurig, naye Idwal akacheka nao.

Juni ikafika zamu ya Hafod ya kunyoa kondoo. Kwetu hunyoi peke yako. Majirani huja wote, na mwenye nyumba huwalisha. Mezani kulikuwa na paja la nguruwe, viazi na mkate wa zabibu.

"Ati Meurig," akaanza Tegid, jirani ambaye mdomo wake haujui likizo, "zile nguzo ulizigonga au ulizibembeleza?"

"Alizichomeka kama mishumaa ya keki!" mwingine akadakia.

Meza nzima ikacheka. Meurig akatabasamu, akaendelea kukata kiazi chake. Idwal, aliyekaa ng'ambo ya meza, akajiongezea mkate asioutaka.

Beti akatua birika. "Haya, mwacheni shemeji yangu. Bwana Idwal, utanitengenezea nyingine, si ndiyo? Ila safari hii nitatafuta mtu mwingine wa kuzisimamisha. Nisamehe, shemeji, lakini ndivyo ilivyo."

"Haya, shemeji," akasema Meurig.

Ile "haya" Idwal hakuiweza.

"Si yeye," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Si yeye, Beti. Ni mimi. Nguzo zilikuwa mbichi. Nilijua ni mbichi, nikazichemsha. Ulikuwa umenisifu, nikaona haya kukwambia hazijaiva."

Idwal akamgeukia Meurig. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilijua," akasema Meurig bila kuinua macho. "Ile ya kwanza nilipoipiga nyundo, maji yalinirukia usoni."

"Ulijua! Sasa mbona ulinyamaza?"

"Jina ni lako. Nilikungoja useme mwenyewe."

Hapo Idwal alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amemwacha mtu huyu achekwe miezi yote hiyo, kumbe mwenyewe alikuwa anajua anachekwa kwa kosa la nani. Machozi yakamlengalenga, akaona bora alie kuliko kumtazama.

Lakini Beti bado alikuwa amesimama, akimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kwa hiyo mlijua nyote wawili," akasema taratibu. "Miaka minne mnaingia humu, mnakunywa chai yangu, mnaniuliza kondoo hawajambo. Huyu analinda jina lake, na huyu anamsaidia kulilinda. Na kondoo wangu, nani alikuwa anawalinda?"

Idwal akasukuma sahani yake kando. Meurig naye akaweka uma chini.