Odilia Akataa Kupimwa Amelala

Odilia wa Kagerankanda hakuzaliwa na hasira, jamani, msimsingizie. Hasira alitiwa. Alitiwa na watu waliomwambia miaka mitatu mfululizo kwamba anaendelea vizuri, wakati mwenyewe akipanda kutoka kisimani lazima atue ndoo mara nne, ashike kiuno, aheme juu juu. Kisima ni kilekile cha tangu utotoni na mlima ni uleule.

Akiwa msichana wa miaka kumi aliugua mafindofindo, kisha magoti yakavimba hadi akawa wa kubebwa mgongoni. Akanyweshwa dawa za majani, akapona, watu wakasahau. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshuka moyoni na kuharibu valvu moja, ule mlango mdogo unaozuia damu isirudi ilikotoka. Ukubwani, ameshazaa watoto wanne na kulima heka mbili za mihogo kila mwaka, mlango ukaanza kuvuja.

Mumewe, Laurent, akawa anasema, "Odilia siku hizi unadeka." Kudeka! Mwanamke aliyebeba gunia la mihogo kichwani na mtoto mgongoni, leo aanze kudeka, amdekee nani? Siku Laurent aliposema hivyo mbele ya mashemeji, Odilia aliacha ugali nusu sufuriani, akaenda kukaa kwa mama yake siku tatu.

Lakini Laurent si daktari. Waliomuudhi kweli ni wenye mashine. Kila mwaka kambi ya madaktari bingwa ilipofika katika hospitali moja ya Kasulu, Odilia alilazwa kitandani, akapakwa jeli ya baridi kifuani, akapigwa eko, yaani picha ya moyo ukiwa unapiga. Jibu likawa lilelile: inavuja kwa wastani, endelea na dawa, rudi mwakani. Waliokutwa wanavuja sana ndio walioandikiwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Mdogo wake, Elieth, naye aliambiwa wastani. Miezi miwili baadaye walimkuta ameanguka njiani, mzigo wa kuni kando yake, na hakuamka tena. Ndiyo maana Odilia hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Mwaka huu alikuja kwa jambo moja tu: jina lake liingie kwenye orodha ya rufaa kabla kambi haijafungwa jioni.

Aliyempima alikuwa Dkt. Ghati, binti wa Tarime aliyepangiwa kazi Kasulu, mpole wa sauti lakini mwepesi wa kumaliza foleni. Akamgeuza ubavu wa kushoto, akatazama kioo, akapima vipimo vyake.

"Mama, hali si mbaya. Ni wastani. Damu inarudi kidogo, na chumba cha moyo hakijatanuka sana."

Odilia akaketi, jeli ikimtiririka tumboni. "Daktari, nikuulize. Hapa nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Ulikuwa umelala, mama."

"Enhe! Nikilala hata mimi sina neno, nakoroma vizuri tu. Nani analima amelala? Nani anachota maji amelala? Njoo unipime mlimani uone!"

Nesi Adija, aliyekuwa mlangoni akiita majina, akacheka. Hapo ndipo mambo yakaharibika.

"Unacheka nini wewe? Nani kakutekenya?" Odilia akafunga kitenge, akatoka, akateremka hadi bombani ambako ndugu wa wagonjwa huchota maji. Akanyakua dumu la lita ishirini lililokwisha kujaa, mwenye dumu kaduwaa, akalipandisha kichwani.

Ghati akamkimbilia. "Mama, utaanguka! Tua!"

"Nikianguka si mtasema ni wastani?"

Daktari akalishika dumu lisiyumbe. Tangu chuoni alifundishwa kwamba wako wagonjwa ambao valvu huonekana nafuu wakipumzika na mbaya wakichoka. Hospitali kubwa zina baiskeli maalumu ya kumchosha mgonjwa akiwa kwenye kipimo. Kasulu haikuwapo, na foleni ilikuwa ndefu, basi naye akaliacha jambo likalala.

"Mwaga nusu," akasema hatimaye. "Twende polepole, niko ubavuni kwako. Kichwa kikizunguka, tua."

"Nusu! Nyumbani nani ananipunguzia?"

"Nusu, mama, la sivyo sikupimi."

Odilia akamwaga huku anasonya. Wakapanda. Foleni nzima ilisimama kuwatazama. Katikati ya mwinuko pumzi ikaanza kumkatika, na walipofika mlangoni midomo ilikuwa imempauka. Adija, kicheko kimemwisha, akapokea dumu. Ghati akamlaza haraka, akaweka kifaa kifuani kabla moyo haujatulia.

Ile rangi ya damu inayorudi nyuma, ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa kama uzi tu, sasa ilijaa chumba chote cha juu cha moyo. Presha ya kuelekea mapafuni nayo ilikuwa imepanda mno. Ghati alitazama kioo, akapima tena, akapima mara ya tatu.

"Inavuja sana," akasema. "Mama, nisamehe."

"Sitaki samahani. Andika."

Akaandika. Jina la Odilia likaingia kwenye orodha, muhuri ukagongwa. Mwingine angepiga vigelegele. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka, na hasira badala ya kupoa ikampanda upya. Elieth angepandishwa mlima huu mara moja tu, leo angekuwa hai.

"Wale wenzangu wa benchi," akasema. "Wale mliowaambia wastani tangu asubuhi. Nao mliwapima wamelala?"

Ghati akainamisha kichwa. "Wote."

"Wako wapi?"

"Wameshaondoka, mama," Adija akajibu kwa sauti ndogo. "Wengi ni wa Kibondo. Gari lao limetoka sasa hivi."

"Basi lisimamisheni hilo gari!"

Dkt. Ghati akavua glavu, akalivuta daftari la wagonjwa, akaanza kumpigia simu wa kwanza.