Dada Aliyepima Maji kwa Sabuni

Jumamosi asubuhi nilikuwa nampitia mzee nyumbani kwake Pearland, nje kidogo ya Houston, mitaa miwili kutoka kwangu, tunakwenda mtaa wa Gulfton, mjini. Macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari. Nilimkuta kila mara amekwisha kusimama nje, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, mfuko wa plastiki mkononi. Nikimwamkia, "Shikamoo mzee," hujibu "Marahaba mwalimu" kwa ile sauti ya watu wa Tanga, kisha hunisahihisha neno lolote nitakalokosea njiani. Mimi nimezaliwa Singida, nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita, lakini Mhindi yule alikijua kunishinda.

Alizaliwa Tanga, baba yake akiuza vitambaa. Alipelekwa India kusoma kemia, akarudi, akafundisha, halafu miaka ya misukosuko ikamtoa yeye na mkewe mpaka Texas, ambako alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha mafuta hadi akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee alikuwa anaishi Mesquite, upande wa Dallas. Tulijuana kwenye foleni ya duka la viungo, aliponisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu akageuka na kuniuliza, "Wewe binti, ni wa wapi nyumbani?"

Wakati huo nilikuwa nasimamia darasa la Kiswahili la watoto, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja, katikati ya yale maghorofa ya Gulfton. Kazi yangu ya wiki nzima ni maabara ya hospitali, kupima damu. Darasa lilikuwa la kujitolea. Watoto walikuwa wa Kikenya, wa Kitanzania na wa Kikongo, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja: unawauliza kwa Kiswahili, wanakujibu kwa Kiingereza. Nilijaribu nyimbo, nilijaribu picha. Nilipomleta mzee, nilitaka tu wasikie mtu anayezungumza bila kuchanganya.

Siku ya kwanza alitoa kwenye mfuko wake birika la kioo na tochi. Akajaza maji, akadondosha maziwa kidogo, akazima taa za chumba.

"Kulikuwa na Mhindi mmoja," akasema, "alikuwa melini anarudi kwao kutoka Ulaya. Abiria wenzake wanacheza karata. Yeye anatazama bahari. Anajiuliza, kwa nini ni buluu? Wakubwa wa elimu walikuwa wamekwisha kusema bahari ni kioo tu, inaonyesha rangi ya mbingu. Yeye akasema, hebu nitazame mwenyewe. Alikuwa na kijikioo mfukoni, kinaweza kuuondoa ule mng'ao wa mbingu juu ya maji. Akakiweka jichoni. Mbingu ikaondoka majini. Bahari ikabaki buluu vilevile."

Akamulika tochi. Maji yale yenye maziwa yakawa na ubuluu mwembamba pembeni, na kule mwisho, mwanga ulipotokea, ukawa rangi ya chungwa. Watoto wakasogea mpaka wakagongana vichwa.

"Jina lake nani, babu?" msichana mmoja akauliza. Kwa Kiswahili.

"Silitaji. Jina ni kazi yenu. Jumamosi ijayo mtaniambia."

Huo ndio ukawa mtindo wake. Kila wiki mtu mmoja, bila jina, na watoto wanakwenda nyumbani kusumbua simu za wazazi wao. Aliwasimulia karani wa bandarini aliyekuwa maskini wa karatasi, akifanya hesabu kwenye ubao wa mkononi na kufuta kwa kiwiko cha mkono, hadi wakubwa wa Uingereza walipoona kazi yake wakashindwa kuamini. Aliwasimulia yule aliyeufunga mmea kwenye mashine ili kuonyesha kwamba jani likiguswa lina jawabu lake. Aliwasimulia kijana aliyepanda meli kwenda kusoma, na njiani akapiga hesabu ya namna nyota zinavyokufa, akaishi miaka mingi kabla watu hawajakubali kwamba hesabu ile ilikuwa sawa. Hapo akaongeza, "Kuwa na jawabu peke yako ni upweke mkubwa, watoto wangu."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nasikiliza kama mmoja wao. Sikuwahi kurekodi hata hadithi moja. Simu ilikuwa mkononi, na kila Jumamosi niliona kuna Jumamosi nyingine.

Siku moja, tukirudi, mvua ilitukamata barabarani. Nilisimama kwenye maegesho ya kituo cha mafuta tukisubiri ipungue. Mzee alikuwa anatazama maji yanavyoteremka kwenye kioo.

"Maji haya yangemfurahisha dada yangu," akasema.

Sikujua kama ana dada. Nikamwambia hivyo.

"Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Kule nyumbani, mama alikuwa akilalamika kwamba sabuni inaisha. Maji ya kisima chetu hayakutoa povu. Dada akaanza kuokota chupa. Alitembea mtaa kwa mtaa akiomba maji ya kila kisima, na ya mvua pia. Anakata sabuni ya mche vipande vilivyo sawa, anatia kimoja kwenye chupa, anatikisa, anatazama povu litasimama muda gani. Halafu kipande cha pili. Akamwambia mama, usifulie maji yetu, chukua ya kwa yule jirani wa kona. Na kweli sabuni ikadumu."

"Alikuwa na umri gani?"

"Kumi na mitatu. Aliyenifundisha hesabu ni yeye, pale dukani, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ulipofika wakati wa kupeleka mtoto India, nikapelekwa mimi. Yeye akaozwa Mombasa." Alifuta kioo kwa kiganja ingawa ukungu haukuwapo. "Mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwalimu akaingia maabara akatuonyesha kupima ugumu wa maji. Kwa sabuni. Chupa, sabuni, tikisa, tazama povu. Wenzangu wakaandika. Mimi nilishindwa kushika kalamu. Nikasema nitamwandikia. Kabla sijaandika, barua ya baba ikafika. Alikuwa amefariki akijifungua."

Mvua ilikuwa imekwisha na sikuwa nimeona. Nikamwambia, "Mzee, hiyo wasimulie watoto."

"Nitawasimulia. Ila huyo hawatampata kwenye simu zao," akasema, akatabasamu.

Wiki ileile kamati ya wazazi ikakutana. Alisimama baba mmoja Mkenya, muuguzi, tuliyezoea kumwita Baba Mapacha. Alikuwa mtu wa kujitolea. Viti vya darasa vilikuwa vimeletwa na yeye.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na mzee," akasema. "Watoto wangu wanampenda. Lakini nauliza, kwani Afrika hatuna watu? Huku shuleni wanaambiwa hatujawahi kuvumbua kitu. Nawaleta hapa wasikie habari za kwao, wanarudi nyumbani wananiuliza majina ya Wahindi. Hiyo inaniuma."

Nilisema mzee naye ni wa kwetu. Nikasema amewafanya wazungumze, jambo lililonishinda mimi. Lakini nilipotazama nyuso za wale wazazi niliona maneno ya Baba Mapacha yamewaingia, na kusema kweli hata mimi yaliniingia. Ikaamuliwa hadithi za mzee zipumzike kwanza, zije za wanasayansi wa Kiafrika, Baba Mapacha atazianza, halafu mzee arudi.

Nilimpelekea mzee habari hiyo nyumbani kwake. Alinimiminia chai ya tangawizi na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Ana haki," akasema. "Ningekuwa na mtoto anayedharauliwa shuleni, ningesema hivyohivyo."

"Lakini utarudi?"

"Mkiniita nitakuja."

Baba Mapacha alifundisha Jumamosi mbili, na alifundisha vizuri. Kisha hospitali ikambadilishia zamu. Baada yake hakupatikana mtu. Tukarudi kwenye nyimbo na picha, watoto wakarudi kwenye Kiingereza chao. Mimi nilikuwa nikisema tumalize muhula, nimwite mzee. Kabla muhula haujaisha, nilipita nikakuta mbele ya nyumba yake kuna bango la kuuzwa. Jirani akaniambia alipata kiharusi, mwanawe akamchukua.

Tulikwenda Mesquite mimi na Baba Mapacha. Ni yeye aliyeomba twende, akaendesha gari njia yote kutoka Houston. Mwana alitupokea vizuri, mtu mpole wa makamo, kazaliwa hukuhuku, Kiswahili hajui hata salamu. Mzee alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini, shati lake limepigwa pasi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Alinitazama kwa furaha. Nina hakika alinijua, maana alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Akafungua kinywa, na yaliyotoka yalikuwa Kigujarati.

Mwanawe akatueleza. Daktari alisema hutokea. Lugha ya mama ilibaki. Kiingereza kimebaki vipande. Kiswahili kimekwenda chote.

Baba Mapacha alichuchumaa mbele ya kiti. "Mzee, nimekuja kukuomba urudi. Watoto wanakuuliza." Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine, kisha akasema maneno marefu, taratibu.

"Anauliza kama mmekula," mwanawe akatafsiri.

Tukala. Jikoni, wakati mwana akiosha sahani, nikamuuliza jina la shangazi yake. Nilitaka kuwasimulia watoto mwenyewe, na nilijua watataka jina. Mzee alikuwa amenitajia "dada" tu.

Alifunga bomba. "Shangazi yupi? Baba hakuwa na dada."

Basi nikamsimulia, nimesimama na taulo la vyombo mkononi: visima, chupa, vipande vya sabuni, ile siku ya maabara chuoni. Alisikiliza bila kuondoa macho usoni kwangu. Nilipomaliza akaenda sebuleni, akapiga magoti karibu na baba yake, akamuuliza kitu kwa Kigujarati chake cha kusuasua. Mzee akamjibu kwa neno moja, akageukia dirisha.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, 'kesho.'"

Alijaribu kumuuliza tena kesho yake, na wiki zilizofuata. Alinipigia simu mara kadhaa kunieleza. Kuna siku mzee alisema maji, siku nyingine alimtaja mama yake. Mwana akaanza kuwatafuta ndugu walioko Uingereza na Mombasa, na wote walikuwa wadogo mno kukumbuka. Mzee alizikwa kabla ya Krismasi.

Hadithi ile nimewasimulia watoto mara moja tu. Nilijitahidi, lakini sikuwa na sauti yake, na katikati nilisahau kama chupa ya maji ya mvua ilikuja mwanzo au mwisho. Binti mmoja wa mapacha alitoa simu, akangoja.

"Mwalimu, jina lake nani?"

Nikamwambia sijui. Akaendelea kuishika ile simu kwa muda, kioo kikiwa kinawaka, kisha akaiweka chini.