Amina Yangu Sikuitoa

Mu grupe ya familia yetu ku telefone, mustari ya Biblia iko kama kufuli. Watu wanaweza kubishana tangu asubui juu ya mahari, juu ya mbuzi, juu ya nani hakufika ku kilio. Lakini muntu mukubwa akitupa mustari, maneno imekwisha. Wote wanaandika "Amina" na vile vimikono vilivyounganishwa. Mwenye kusema kitu nyuma ya pale, huyo anabishana na Mungu. Na mustari yenyewe hawaiandike: wanaweka namba ya sura na namba ya mustari, basi. Nani atafungua kitabu kuangalia? Aka! Hakuna.

Mimi pia niliitika hivyo miaka mingi, siwezi kujificha. Siku walimufunga kinywa na mustari muke wa binamu mumoja, aliuliza tu sababu gani hakuitwa mu kikao cha mahari ya binti yake mwenyewe, mimi niliandika Amina huku nakoroga bugali, bila kujua ile mustari inasema nini. Nasikia haya mpaka leo.

Kisha zamu yangu ikafika. Mimi ni mwana wa Masisi, nimeolewa Mpofi, mu pori ya Walikale. Baba alikufa akatuacha wabinti watatu, kijana hata mumoja, na shamba moja juu ya kilima karibu na Kirolirwe, kwenye malisho ya ng'ombe inazunguka kila upande. Mama njo analima pale. Maharagi ya lile shamba ilitusomesha sisi wote.

Papa mudogo, ndugu ya baba, akaandika mu grupe kama amepata muntu mwenye ng'ombe anayetafuta majani. Shamba litaenda kwake. Mama atapewa chumba nyuma ya nyumba ya Papa mudogo, atapumuzika. Ati kupumuzika! Muntu ambaye anagonjwa akikaa siku mbili bila jembe!

Nikajibu kwa heshima: "Jambo Papa mudogo. Mama atalima wapi?"

Jibu ilikuwa namba. Sura ya makumi mbili na tatu, mustari wa tisa, mu kitabu cha maneno ya hekima. Amina zikamwangika: washangazi, wabinamu, hata dada yangu mudogo. Halafu Papa mudogo akaongeza kama siku ya kwanza ya kazi, nyuma ya siku ya Mungu, ataenda kwa kapita, mukubwa wa kijiji, amuonyeshe picha ya zile Amina zote, ajue familia imekubali. Heee! Amina imegeuka sinyatire, kama kidole ku karatasi!

Dada yangu akanipigia. "Dada, nyamaza. Mustari ishaangukaka, utasema nini tena?"

"Uliisoma?"

"Hapana."

"Na uliitika?"

Akakata telefone.

Nikatoa kitabu mu mufuko. Mustari wa tisa inasema usipoteze maneno ku masikio ya mupumbavu. Mupumbavu njo mimi, kwa kuuliza mama atalima wapi! Hasira ikanipanda. Lakini kidole changu kilikuwa pale pale ku ukurasa, kikashuka kidogo. Mustari wa kumi: usisogeze mupaka wa zamani, wala usiingie mu mashamba ya yatima. Wa kumi na moja: mwenye kuwatetea iko na nguvu, na atashindana nawe.

Nilicheka mpaka bwana yangu akatoka nje kuangalia. Yeye ni muwindaji, kama baba yake. Nikamusomea. Akatikisa kichwa. "Kwetu, muntu akileta mukia tu akasema ameua nyama, tunamurudisha mu pori alete nyama nzima."

Nikapanda kilima kwenye rezo ya telefone iko na nguvu, nikakaa juu ya jiwe. Sikuandika; wakubwa wengi wa grupe hawasome, wanasikiliza tu. Nikatia odio, sauti yangu mwenyewe. Nilisalimia, nikaomba ruhusa, kisha nikasoma ile sura tangu mustari wa kwanza, pole pole, bila kuruka. Nilipofika wa tisa sikupunguza sauti. Nikasoma wa kumi. Nikasoma wa kumi na moja. Nikasema aksanti kwa kunisikiliza.

Papa mudogo akarudisha: "Binti, usibishane na Neno."

"Papa mudogo, Neno sibishane nayo. Nimeimaliza, juu wewe uliiacha katikati. Na kuanzia leo, mwenye kuleta mustari mu hii grupe, aisome kwa kinywa chake, na ile ya mbele na ile ya nyuma. Mimi Amina ya namba siitoe tena."

Nilijua wanasikiliza. Kisha nikaona Amina zinafutwa, moja, ingine, ingine. Ya dada yangu njo ilitangulia. Lakini Papa mudogo alishapiga picha mapema, na picha haisahau. Siku ya Mungu niliimba mu kanisa bila kusikia ninachoimba. Nilikuwa naona ng'ombe mu maharagi ya mama.

Siku ya kwanza muchana nikapanda tena kilima. Odio moja ilikuwa inaningojea, ya namba nisiyoijua. Mama hana telefone. Aliomba ya jirani. Nilisikia kwanza jembe: tu, tu, tu. Halafu sauti yake, na pumzi kidogo.

"Mwanangu, odio yako ilifika ku telefone ya jirani, akanisikilizisha. Nikaenda nami kwa kapita, sikualikwa. Papa yako mudogo akaonyesha picha, kapita akahesabu Amina, akasema familia imeitika. Nikamuuliza: Papa kapita, ya kwangu iko wapi? Akaangalia, akaangalia tena. Nikamwambia, usitafute. Miaka yote ninayolima hapa, hakuna hata mumoja aliyeniomba Amina. Basi leo siitoe. Kapita akamurudishia papa yako mudogo telefone yake, akamwambia aende."

Jembe ikaanza tena. Nilifikiri amesahau kuzima.

"Ile mustari wa kumi," akasema, "unisomee tena. Mimi natia mbegu."