Dawa ya Mama Ilipopitia Puani

Mama alikuwa mkulima wa tumbaku Ushetu. Ugonjwa wa Parkinson, ambao nyumbani tuliuita kutetemeka, ulimwanzia mikononi, ukashuka miguuni, mwishowe ukamfika kooni. Vidonge alivyopewa vya ugonjwa huo vikaanza kumpalia. Akawa anavitema, au tunavikuta vimelowa shavuni. Baada ya siku chache mwili ulikakamaa, hata shingo haigeuki.

Kaka yangu mkubwa akasema, "Tuache kumsumbua Mama. Umri umekwenda."

"Kama ni kumsumbua, nitamsumbua mimi," nikamjibu.

Nikaomba nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikienda Kahama, tukamlaza Mama kwenye godoro nyuma, nikakaa nimempakata kichwa.

Hospitalini daktari alisema dawa zile hazikatishwi ghafla. Kukakamaa kule kulitokana na kuzikosa. Dawa ya sindano hawakuwa nayo. "Mdomo ukikataa, tutapitia puani," akasema.

Muuguzi akamwingiza mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Machozi yalimtoka Mama. Nilitamani kutoka nje, nikabaki nimemshika mkono.

Daktari alihakikisha kwanza kwamba vidonge vyetu ni vya aina inayosagwa, maana vingine havisagwi. Kisha muuguzi akanifundisha: nisage mpaka unga laini, nikoroge kwa maji, Mama akae wima, nipime kama mpira bado uko tumboni, nimimine taratibu kwa bomba la sindano, nisukumie maji mpira usizibe. Maziwa ya kumlisha kwa mpira huo yasubiri kwanza, yanapunguza nguvu ya dawa. Mara ya kwanza muuguzi alinishikia bomba. Mara ya pili nilijikaza.

Kaka alikuja kututazama asubuhi moja, siku chache baada ya dawa kuanza kuingia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama akajibu, kwa sauti nyembamba lakini yake mwenyewe. "Mbona umeacha tumbaku peke yake?"

Kaka aligeukia ukutani, akafuta uso kwa kofia. Kisha akaniambia, "Nionyeshe na mimi unavyosaga."

Mwili ulipoacha kukakamaa, kumeza nako kukarudi kidogo kidogo. Muuguzi alimjaribisha uji mzito, kijiko kwa kijiko, kidevu kikiinama. Siku mpira ulipotolewa, Mama alijipapasa pua, akasema kwa Kisukuma kwamba sasa anataka kwenda nyumbani. Tulimrudisha. Kutetemeka hakukuisha, na zipo siku alizopaliwa tena, lakini mimi na Kaka tulimsagia dawa kwenye uji mzito, hakuikosa.