Bibi Asiyekosa Mkutano

Watoto wa darasa la saba walipomaliza mtihani, niliita familia zao shuleni kwetu Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, kila Jumamosi, tuwaandae kwa sekondari. Bibi mmoja hakukosa hata siku moja. Aliuliza kuhusu godoro la bweni, sare, hata saa ya kuamka.

Siku ya mwisho nikamwambia, "Mama, nilitaka kuongea na mjukuu wako mwenyewe."

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, mutoto hapana iko. Alienda Kongo na mwanaume wa lori, siku ile mtihani ilikwisha."

"Sasa mbona unakuja?"

"Akirudi, nani atamwambia hii maneno yote?"

Muhula wa sekondari ulipoanza, nafasi ya binti huyo ilipewa mwingine. Sikwenda kumwambia bibi.