Mwapache wa Hallonbergen

Mashauri wa Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm nchini Sweden, mzaliwa wa Masisi huko Kongo, alikuwa akiosha mabasi katika gereji moja ya mji huo. Siku moja ya Februari 2009, mfanyakazi mwenzake Göran alimfuata. Göran alikuwa kapteni. Si wa jeshi la Sweden, lililomkataa kwa sababu ya miguu yake, bali wa chama cha watu wazima wanaovaa kama askari wa Marekani wa kale na kupigana msituni kila Jumamosi na wenzao wanaojifanya Wahindi Wekundu wa makabila ya Wanavajo na Waapache.

"Safari hii Wanavajo wameiba farasi," alieleza. "Askari tunawafuata kwenye theluji, tukiongozwa na mpelelezi wa Kiapache. Ila sina mtu mwenye ile... sura."

"Sura gani?"

"Ya porini," alisema Göran kwa adabu zake zote.

Mashauri alikubali, hata kiingilio akalipa. Katika nchi ile, kualikwa popote na mfanyakazi mwenzako ni kama kupewa uraia mara ya pili. Mkewe, Léontine, aliyemwita kwa jina la binti yao, alishika kiuno.

"Papa Nicole! Ulikimbia vita ya bure, leo unajiandikisha katika vita ya kiingilio?"

Jumamosi iliyofuata, msituni karibu na mji wa Södertälje, baridi ilikuwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Mashauri alifungwa kitambaa chekundu kichwani. Wanavajo wanne, wakiongozwa na daktari wa meno mwenye manyoya ya bata bukini kichwani, walikuwa wametangulia na farasi wawili wafupi wa kukodi. Nyayo zao zilionekana wazi kama reli. Kilichobaki ni kuzifuata, kuwaua, kisha kunywa kahawa pamoja.

Göran alibandika masharubu ya bandia, akachomoa upanga. "Tuonyeshe njia, Mwapache!"

Mashauri alisimama. Mwaka 1998, kwao Masisi, askari walimwamuru vilevile awaonyeshe njia, mtutu wa bunduki ukimgusa mgongoni, wakitaka kufikishwa kijijini kwa wajomba zake. Aliwazungusha siku mbili hadi kwenye kinamasi. Walipogundua, walimvunja mbavu, lakini kijiji kilikuwa kimeshakimbia.

Aliinama, akagusa theluji kwa kidole, akainusa, kisha akaonyesha upande ambao haukuwa na unyayo hata mmoja.

"Wamepita huku."

"Mbona nyayo ziko kule?" aliuliza askari mmoja, karani wa benki.

"Hiyo ndiyo hila yao," Göran alimkemea. "Mwache mtaalamu afanye kazi."

Mtaalamu aliwazungusha saa tatu. Mara nne walipita mti uleule uliovunjika, na kila mara Göran aliusifu. Karani alizama kwenye kijito hadi mapajani. Masharubu ya kapteni yaliganda, yakadondoka upande mmoja. Walipofika kambini kwa Wanavajo mwishowe, walikuta majivu na chupa tupu. Wanavajo walikuwa wamechoka kusubiri kuuawa. Walikunywa kahawa yote, wakarudisha farasi, wakapanda treni kurudi mjini.

"Kihistoria tuliwashinda!" Göran alifoka.

"Leo wamenusurika," alisema Mashauri.

"Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo," alijibu Mashauri. Askari wote saba wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Nyumbani, Léontine alimkanda miguu kwa mafuta ya moto huku akicheka hadi akashika mbavu. Mashauri naye alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Mkewe aliendelea kukanda tu.

Göran alinuna wiki mbili. Siku ya kumi na tano, wakati wa kahawa, alikaa mbele ya Mashauri.

"Kwa nini ulitufanyia vile?"

Hapo Mashauri akamsimulia yote: bunduki, kinamasi, mbavu, na jinsi mjomba wake mkubwa, asiyeweza kukimbia, alivyobaki nyuma. Göran alisikiliza bila kupepesa macho, kahawa ikapoa mkononi. Mwishowe aliweka kikombe mezani.

"Unajua," alisema, "hiyo tunaweza kuiigiza wakati wa kiangazi."

Mashauri alisimama, akachukua mpira wa maji, akaenda kuosha mabasi.