Pini ya Baba Mkubwa

Mwenzenu nimeaibika mara nyingi, nimeshawahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya wakwe, lakini ile nikiisimulia nacheka. Hii ya kupeleka jeneza kwenye nyumba isiyo na kaburi sicheki, na mkiniona nageuka kuangalia mlango ninaposimulia, mnivumilie tu.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu hapa Karatu mjini, nyingi za waongoza watalii, zile za kuonyesha geti liko wapi na loji iko wapi. Baba Mkubwa Boay, kaka yake baba, alipofariki hospitali kule Arusha, kiherehere kikanishika, nikasema nitawatengenezea ndugu ramani ya msiba, kila mtu aifungue kwenye simu yake, na badala ya pini nyekundu ya kawaida ya kuonyesha mahali nikaweka picha ya marehemu mwenyewe, na kofia yake, anatabasamu. Watu wakanisifia (na mimi sifa nazipenda, nisiwadanganye). Sasa nyumba yake iko Qurus, katikati ya mashamba, na mimi njia za kule zinanichanganya, kwa hiyo nikaifanya pini iburutike: unaibonyeza kidogo inanyanyuka, unaivuta kwa kidole, ukiachia inakaa hapo, na kwenye simu za wote inahama. Binamu yangu aliyekuwa Qurus akaivuta mpaka mlangoni kwa Mama Mkubwa, mjane. Hapo ndipo nilipotakiwa kuifunga isisogezwe tena. Nikasema aa, nani atachezea picha ya maiti? Nikaenda kusuka nywele.

Siku ya mazishi nikakaa mbele kwenye gari la maiti, simu mkononi, kiongozi wa msafara! Dereva alikuwa wa Arusha, Qurus haijui. Nyuma yangu Baba Mdogo Fabiano, aliyehamia Tanga tangu ujana, anasinzia, na nyuma yetu basi dogo la Kosta lililobeba kwaya. Tulichelewa kutoka hospitali, na Mama Mkubwa alikuwa anapiga simu kila mara, kwa sababu kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Wazee wanasema likilala wazi litatafuta wa kulijaza.

Tulipopita Rhotia ukungu ukashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukungu wa mwezi wa saba mnaujua, mahindi ya kando ya barabara huyaoni. Nikawa naangalia ile picha tu. Kuna mahali ikatikisika kidogo, nikadhani mtandao. Nikamwambia dereva, "Kata kushoto." Akaniuliza, "Una uhakika, dada?" Nikamjibu kwa dharau kabisa, "Kaka, hii ramani nimeitengeneza mimi."

Tukafika. Kwaya wakashuka wanaimba, vijana wakabeba jeneza, mimi mbele nimejitanda kitenge, na ndipo nikaona hakuna turubai, hakuna watu, hakuna udongo uliochimbwa. Kuna nyumba moja ya udongo, na ua umefagiwa hivi karibuni, mistari ya ufagio inaonekana, wala hakuna hata unyayo mmoja juu yake. Katikati ya ua kuna stuli mbili zimepangwa, urefu wa jeneza kabisa.

Simu ikaita. Mama Mkubwa. "Mko wapi?"

"Tumefika, Mama."

"Mmefika wapi? Mbona mimi niko kaburini na siwaoni?"

Kwaya wakanyamaza mmoja mmoja. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mwembamba, amejifunga shuka jeusi, hana haraka, na hakutushangaa hata kidogo.

"Mwekeni hapo," akasema. "Aliniambia atapita."

Nikasikia Baba Mdogo Fabiano nyuma yangu anavua kofia na kusema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, Sabina." Ndio nikajua. Mke wa kwanza wa Baba Mkubwa, yule aliyefukuzwa bila watoto, ambaye nyumbani tulikatazwa kumtaja. Hakuna aliyempa habari za msiba. Hata simu hana, baadaye nilimuuliza mwenyewe.

Vijana wakaweka jeneza kwenye stuli, sijui nani aliwaamuru. Bibi Sabina akaweka kiganja juu ya kifuniko, akainama, akazungumza Kiiraqw polepole kama mtu anayejibu maswali, ananyamaza, anajibu tena. Halafu akanyooka, akasema, "Haya, mpelekeni, wasije wakamsubiri giza likaingia."

Tulifika kwa Mama Mkubwa jua linazama. Umati mzima unaniangalia, katekista ameshika kitabu, na Mama Mkubwa amesimama juu ya udongo. "Mlimpeleka wapi mume wangu?"

Nikasema yote, mbele ya watu wote. Watu wakatoa simu zao, huyu anaapa si yeye, yule anaapa si yeye, na mimi fundi sikuwa nimeweka namna yoyote ya kujua aliyeisogeza. Nikasubiri kutukanwa. Mama Mkubwa akakaa chini kwenye udongo, na miguu yake ikaning'inia kaburini.

"Wiki yake ya mwisho alinililia," akasema. "Akasema, nipitisheni kwa Sabina nikamwombe radhi. Nikamwambia, mimi nikiwa hai, pale hupiti." Akafuta uso na kanga. "Haya. Zikeni."

Tukazika haraka, giza linaingia.

Siku hizi pini zangu zote nafunga, na ukitaka kuisogeza inakuuliza kwanza kama una uhakika, na picha ya marehemu siweki tena hata mnilipe. Ile ya Baba Mkubwa ilikuwa bado iko kwa Bibi Sabina, nikaona nimfuate Mama Mkubwa, nimwombe ruhusa niirudishe kwake. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso.

"Iache huko huko," akasema. "Mimi ninalo kaburi."